Je, Knuth alikataza kuharakisha programu? Jibu kwa kijana mwenye ripoti ya dakika nne

*Shikamoo mtaalamu. Nilijifunza kuandika programu mwenyewe, na sasa niko mwaka wa pili kazini katika kampuni ndogo inayotengeneza mifumo ya maduka na maghala. Tuko wanne kwenye timu. Ripoti ya mauzo ya mwezi imekuwa nzito mno. Mwanzoni ilifunguka papo hapo, sasa mteja anasubiri dakika nne, wengine wanadhani mfumo umekwama wanaufunga. Nilipoomba wiki moja nishughulikie kasi, kiongozi wa timu alinijibu: "Knuth alisema kuboresha kabla ya wakati ndicho chanzo cha maovu yote." Nilipoomba tuandike majaribio, mwenzangu akasema Dijkstra alishaonyesha kwamba majaribio hayathibitishi kitu. Nikauliza kuhusu maktaba za programu huria tunazozitumia bila kuziangalia, nikaambiwa macho ni mengi, hakuna kosa litakalojificha. Sasa bosi anataka kuongeza vijana watatu ili moduli ya ghala iliyochelewa imalizike, na kiongozi yuleyule anasema sheria ya Brooks inakataza. Sikusoma chuo, kwa hiyo nabaki kimya. Je, semi hizi ni sheria za taaluma nilizopaswa kuzijua? Na kuhusu ripoti, nani yuko sahihi?*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo manne, lakini chini yake nasikia hofu moja: kwamba wenzako wanajua jambo ambalo wewe hukufundishwa, na kwamba jina kubwa likishatajwa mezani huna tena la kusema. Nianze na hofu hiyo. Semi ulizotajiwa si sheria. Ni vipande vya hoja. Kila kimoja kilikatwa kutoka makala, hotuba au kitabu ambamo mwandishi alieleza anajibu swali gani, na mara nyingi masharti yake yamo katika sentensi inayofuata. Anayekunukulia usemi bila masharti yake amekupa nusu ya habari, hata kama amesoma chuo gani. Na kuhusu ripoti, niseme mapema ili usisome kwa wasiwasi: kwa maneno aliyoyaandika Knuth mwenyewe, wewe uko karibu naye kuliko kiongozi wako, isipokuwa kuna sharti moja ambalo bado hujalitimiza.

Donald Knuth, wakati huo profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, aliandika sentensi ile Desemba 1974 katika jarida la Computing Surveys. Makala yenyewe ilihusu ugomvi uliokuwa umewagawa waandishi wa programu tangu 1968, pale Edsger Dijkstra wa Uholanzi alipochapisha barua fupi dhidi ya amri ya go to, ile inayoiruhusu programu kuruka kutoka mstari wowote hadi mwingine. Dijkstra alisema amri hiyo inamnyima binadamu uwezo wa kufuatilia programu inafanya nini. (Kichwa cha barua ile, kwamba go to ina madhara, hakukiandika yeye. Alikiweka mhariri, Niklaus Wirth, na ndicho watu wanachokikumbuka mpaka leo.) Wakajitokeza waliotaka amri ifutwe kabisa, na waliosema wakinyang'anywa hiyo programu zao zitakuwa nzito. Knuth alijaza kurasa zipatazo 40 akitafuta ukweli katikati yao. Alichukua mfano mmoja baada ya mwingine, akaangalia mashine inatumia muda gani, akaonyesha mahali ambapo go to inaokoa muda wa maana na mahali ambapo haiokoi kitu. Kwa hiyo sentensi inayotumika leo kuwanyamazisha wanaojali kasi ilitoka kwa mtu aliyekuwa akihesabu kasi, mfano kwa mfano.

Hivi ndivyo inavyosomeka ikiwa nzima, kwa Kiswahili changu: tunapaswa kusahau manufaa madogomadogo ya kasi, tuseme asilimia 97 ya wakati: kuboresha kabla ya wakati ndicho chanzo cha maovu yote. Lakini tusiache nafasi zetu zitupite katika ile asilimia 3 iliyo nyeti.

Ona kilichokatwa. Kimekatwa "madogomadogo". Imekatwa asilimia 97. Imekatwa sentensi nzima ya pili, ambayo ndiyo inayokuhusu wewe. Wasomaji wa Biblia wanaujua ukataji wa namna hii: utamsikia mtu akisema fedha ndiyo shina la mabaya yote, wakati waraka wa kwanza kwa Timotheo unasema shina ni *kupenda* fedha. Neno moja likidondoka, fundisho linageuka kuwa jingine.

Knuth hakuishia hapo. Anaendelea kusema kwamba mwandishi mzuri wa programu hatabweteka kwa hoja hiyo. Atauangalia kwa makini msimbo (maandishi ya programu) ulio nyeti, *lakini baada tu ya msimbo huo kutambuliwa*. Anaeleza sababu: watu wote waliowahi kutumia zana za kupima wamegundua kwamba makisio yao kuhusu mahali muda unapopotelea huwa hayana ukweli. Hakuwa anabuni. Mwaka 1971 alikuwa ametoa utafiti wa programu halisi za lugha ya FORTRAN, na akakuta kwamba chini ya asilimia 4 ya programu kwa kawaida ndiyo inayokula zaidi ya nusu ya muda wake wote. Katika makala ileile ya 1974 anasema pia kwamba katika fani nyingine za uhandisi, nafuu ya asilimia 12 inayopatikana kwa urahisi haidharauliwi kamwe, na kwamba haoni kwa nini iwe tofauti kwenye programu. Nadhani hiyo ndiyo sentensi ambayo kiongozi wako hajawahi kukutana nayo.

Kwa hiyo alichokikataza Knuth ni kuhangaikia mambo madogo, mahali usipopapima, kiasi kwamba programu inakuwa ngumu kusomeka na kurekebishika kwa faida ambayo haionekani. Pima ripoti yako kwa vigezo hivyo. Je, ni jambo dogo? Dakika nne, na wateja wanafunga mfumo. Je, ni kabla ya wakati? Mfumo uko madukani, malalamiko yamekuja. Umepima? Hapo ndipo palipobaki. Barua yako inasema ripoti ni nzito, lakini haisemi muda unaishia wapi. Ulipoomba wiki moja "kushughulikia kasi", kiongozi wako hakuwa na njia ya kujua kama utarekebisha sehemu moja au utaivunja ripoti nzima na kuiandika upya. Woga wake una msingi. Nimeona vijana wenye bidii wakibadilisha lugha, wakiongeza seva ya akiba na kutawanya mfumo vipande vipande, na mwisho ripoti ikabaki nzito vilevile kwa sababu kosa lilikuwa kwenye mistari michache ambayo hakuna aliyeitazama.

Nikuelezee kinachowezekana kuwa kinatokea, maana dalili uliyoitaja, kwamba mwanzoni ilikuwa papo hapo kisha ikazidi kuzorota, inasema mengi. Programu inayoelemewa kadiri data inavyoongezeka mara nyingi haina tatizo la msimbo "mzito". Tatizo ni idadi ya safari. Fikiria mwenye duka mwenye orodha ya vitu 100 vya kutoa ghalani, halafu anakwenda ghalani, anachukua kimoja, anarudi kukiweka kaunta, anakwenda tena kuchukua cha pili. Hata akikimbia, siku itaisha. Katika mifumo kama yenu kosa hili hujitokeza hivi: programu inaiomba kanzidata, yaani hifadhi ya data za mfumo, orodha ya mauzo ya mwezi, kisha, ndani ya mzunguko (amri zinazorudiwarudiwa), kwa kila mstari wa mauzo inauliza tena jina la bidhaa, tena bei, tena jina la muuzaji.

Tuweke hesabu. Tuseme duka lina mistari 40,000 ya mauzo kwa mwezi, kila mstari unazaa swali moja tu, na kila swali kwa kanzidata pamoja na safari ya mtandao linachukua milisekunde 5. Hizo ni sekunde 200, zaidi ya dakika tatu, na hapo bado hujachora hata jedwali. Duka hilohilo lilipokuwa na mistari 500, ripoti ileile ilimalizika kwa sekunde mbili na nusu, na hakuna aliyelalamika. Sasa linganisha na "manufaa madogomadogo" aliyoyasema Knuth. Ukikaa siku nzima ukasuka upya mistari iliyo ndani ya mzunguko hadi kila mzunguko uokoe mikrosekunde moja, kwa mistari 40,000 umeokoa sehemu 4 za sekunde moja iliyogawanywa mara 100. Ukiunganisha majedwali ndani ya swali moja ili kanzidata ikuletee kila kitu kwa safari moja, umeokoa karibu zile sekunde 200 zote. Zote mbili huitwa kuboresha kasi, lakini Knuth aliikataza ile ya kwanza tu.

Sababu ya pili ya kawaida ni kukosa indeksi, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia, kama faharasa ya kitabu. Kanzidata isiyo na indeksi kwenye safu ya tarehe haina namna ya kujua mauzo ya mwezi huu yako wapi, kwa hiyo inapitia mistari yote tangu duka lilipofunguliwa. Ikiwa ipo, inafuata mpangilio uliokwisha kupangwa na inafika haraka: kwa mistari milioni moja, utafutaji wa kugawa nusu kwa nusu unahitaji ulinganisho upatao 20 tu. Ya tatu ni mzunguko ndani ya mzunguko, pale programu inapolinganisha kila bidhaa na kila bidhaa nyingine. Bidhaa 1,000 zinazaa ulinganisho milioni moja. Bidhaa 10,000 zinazaa milioni 100. Data imeongezeka mara kumi, kazi imeongezeka mara mia.

Usikisie ni ipi kati ya hizo. Chukua nakala ya data, si mfumo ulio hai, kisha weka vipima muda mahali patatu: kabla ya kwenda kwenye kanzidata, data inaporudi, na ukurasa unapomaliza kuchorwa. Washa kumbukumbu ya maswali, yaani daftari ambamo kanzidata huandika kila swali inalopokea, na uhesabu maswali mangapi yanatumwa ripoti moja ikifunguliwa. Ukikuta maelfu, umeshapata jibu. Kama ni swali moja lakini linachukua muda mrefu, weka amri ya EXPLAIN mbele yake. PostgreSQL na MySQL, ambazo ni programu za kanzidata, zote zinayo, na itakueleza kama jedwali linapitiwa zima au kwa indeksi. Kazi hiyo ni ya siku moja, si wiki. Rudi kwa kiongozi na namba hizo, kisha omba muda wa kurekebisha kitu kimoja kilichotajwa kwa jina.

Kila njia ina gharama, na ni haki yake kuzijua. Kuunganisha maswali ni rahisi zaidi na karibu hakuna hasara, ila msimbo wa swali unakuwa mrefu kidogo. Indeksi huharakisha usomaji lakini kila mauzo mapya yanapoandikwa, indeksi nayo lazima iandikwe, na inakula nafasi ya diski. Ukiziweka kila safu utaizorotesha kaunta ili ripoti iwe nyepesi. Kuandaa muhtasari usiku kunaifanya ripoti ifunguke mara moja asubuhi, lakini mauzo yakirekebishwa mchana ripoti itasema uongo mpaka usiku unaofuata, na mhasibu hatakusamehe. Kununua seva kubwa si aibu pia. Wakati mwingine bei ya seva ni ndogo kuliko mishahara ya wiki mbili. Ila kwa tatizo la safari 40,000, seva kubwa hupunguza kidogo tu, kwa sababu muda mwingi unapotelea njiani.

Sasa majaribio. Dijkstra alisema kweli: majaribio ya programu yanaweza kuonyesha kwamba makosa yapo, hayawezi kamwe kuonyesha kwamba hayapo. Hoja yake ilikuwa ya hesabu. Alichukua mfano wa mashine inayozidisha namba mbili zenye biti 27 (tarakimu za 0 au 1) kila moja. Michanganyiko yote ni 2 kwa kipeo cha 54, na kwa kasi ya mashine za siku zile kuijaribu yote kungechukua zaidi ya miaka 10,000. Hakutoka hapo akasema acheni kujaribu. Alitaka tusitosheke na majaribio, tuandike programu zenye muundo safi ambao usahihi wake unaweza kuonyeshwa kwa hoja, hatua kwa hatua, kama mtu anavyothibitisha kanuni ya hisabati. Mwenzako, nadhani, hapendekezi muandike uthibitisho wa kihisabati wa moduli ya ghala. Ameikopa nusu ya kwanza ya hoja ili kuikwepa kazi, na nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ameiacha. Upande wa pili wa jambo hili Knuth aliusema vizuri mwaka 1977 katika waraka aliouambatanisha na msimbo wake: jihadharini na makosa yaliyomo, nimethibitisha tu kwamba ni sahihi, sijaujaribu. Ninaipenda sana sentensi hiyo, kwa kuwa aliyeiandika alikuwa mmoja wa watu walioweza kweli kuthibitisha.

Kwako wewe majaribio hayasubiri mjadala. Kabla hujagusa ripoti, hifadhi matokeo yake ya miezi mitatu iliyopita, jumla kwa jumla, duka kwa duka. Ukishaibadilisha, endesha ripoti mpya kwenye data ileile na ulinganishe hadi shilingi ya mwisho. Ripoti ya haraka yenye jumla isiyo sahihi ni mbaya kuliko ya dakika nne. Unapounganisha majedwali kosa la kawaida kabisa ni mstari mmoja wa mauzo kuhesabiwa mara mbili kwa sababu bidhaa ina bei mbili kwenye jedwali la bei, na jaribio hilo dogo litalikamata.

Kuhusu macho mengi katika programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, nitakuwa mfupi. Usemi ni wa Eric Raymond, Mmarekani, aliyeuandika mwaka 1997 na kuuita sheria ya Linus kwa heshima ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux: macho yakiwa ya kutosha, makosa yote ni mepesi kuonekana. Yeye mwenyewe aliuandika pia kwa urefu, akiweka sharti la kuwepo kundi kubwa la kutosha la wanaojaribu na wanaoandika pamoja. Sharti ni macho *yanayotazama*, si macho yanayoweza kutazama. Aprili 2014 ulitangazwa udhaifu ulioitwa Heartbleed katika OpenSSL, maktaba huria (msimbo uliokwisha kuandikwa ambao programu nyingine huutumia) inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Programu ilikuwa haihakiki urefu wa ujumbe iliotumiwa, hivyo mtu wa nje angeweza kuiomba irudishe hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi, na humo mlikuwa na nywila na hata funguo za siri. Kosa hilo lilikuwa wazi kwa dunia nzima tangu toleo la Machi 2012. Mradi wenyewe wakati huo ulikuwa na mtu mmoja tu wa ajira kamili. Sisemi mwache programu huria. Mimi mwenyewe sina kazi bila hizo. Andikeni orodha ya maktaba mnazotumia na matoleo yake, jiungeni na matangazo ya usalama ya kila moja, na mpange siku ya kusasisha. Hilo linawezekana kwa timu ya watu wanne. Kusoma msimbo wote haiwezekani, na hakuna anayewadai hilo.

Kwa Brooks, kiongozi wako ana hoja nzuri zaidi. Frederick Brooks alisimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi mkubwa wa IBM wa miaka ya 1960, uliochelewa sana, na mwaka 1975 akatoa kitabu kuhusu aliyojifunza. Humo ndimo alimoandika kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Lakini sentensi yenyewe inaanza kwa onyo lake mwenyewe, kwamba anarahisisha mambo kupita kiasi. Anayeitaja kama sheria amelidondosha onyo hilo.

Utaratibu ulio nyuma yake unaeleweka bila jina la Brooks. Mgeni hajui mfumo, kwa hiyo lazima afundishwe, na wa kumfundisha ni yuleyule aliyechelewa. Kisha kuna mawasiliano. Watu wanne wana njia 6 za kuzungumza wawili wawili. Mkiongeza watatu mnakuwa saba, na njia zinakuwa 21. Tena kuna kazi zisizogawanyika, na Brooks alitoa mfano wa mimba, kwamba inachukua miezi tisa hata ukiwapa wanawake wangapi. Mwaka 1995, katika toleo la kuadhimisha miaka 20 ya kitabu, alirudi kwenye usemi wake na kukubali kwamba kuongeza watu mapema katika mradi ni salama zaidi kuliko kuwaongeza mwishoni.

Kwa hiyo bosi aulizwe maswali mawili: imebaki muda gani, na kuna kazi gani inayoweza kukatwa ikasimama peke yake? Vijana watatu wakiingizwa ndani ya msimbo wa moduli ya ghala wiki sita kabla ya kukabidhi, naamini Brooks atakuwa sahihi. Lakini wakipewa kuingiza data za zamani za wateja, kujaribu skrini moja baada ya nyingine, kuandika maelekezo ya watumiaji na kupokea simu za malalamiko, mnaweza kupata nafuu ya kweli, kwa sababu kazi hizo hazihitaji kuujua moyo wa mfumo. Brooks alitaja njia nyingine pia: kupanga upya tarehe kwa uaminifu, au kupunguza kazi. Ningeanza na hiyo ya mwisho. Muulizeni mteja ni sehemu gani ya moduli anaihitaji siku ya kwanza.

Umeuliza kama ulipaswa kuzijua semi hizi. Ni vizuri kuzijua, na kwa nyingi ya hizi ulizotajiwa maandishi ya asili yanapatikana mtandaoni. Makala ya Knuth ni ngumu kidogo katikati, ila ukurasa wenye sentensi hiyo unasomeka na kila mtu. Unaposoma, uliza kwanza kama mtu huyo aliyasema kweli maneno hayo. Bill Gates hunukuliwa akisema kilobaiti 640 zinamtosha kila mtu. Amekana, na hakuna aliyeonyesha alipoyasema. Thomas Watson wa IBM hunukuliwa akisema dunia ina soko la kompyuta tano. Hakuna ushahidi pia. Ukishahakikisha usemi ni wa kweli, tafuta sentensi inayoutangulia na inayoufuata. Sisi tuliokulia kwenye methali hatupaswi kuona ugumu hapa. Tunasema haraka haraka haina baraka, na tunasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na mtu mzima anajua ipi inafaa saa gani kwa kuiangalia hali iliyo mbele yake.

Kuna mambo ambayo sitaki uyafanye peke yako kwa kusoma majibu kama haya. Kama hamna nakala rudufu ya kanzidata ambayo mmeshawahi kuirejesha na ikafanya kazi, simama hapo kabla ya jambo lingine lolote. Kama unataka kuongeza indeksi kwenye jedwali kubwa la mfumo ulio hai, mtafute mtu mwenye uzoefu wa kanzidata akae nawe, na mfanye usiku. Kwa njia ya kawaida PostgreSQL huzuia kuandikwa kwa data mpya kwenye jedwali hilo mpaka indeksi ikamilike, na kaunta zote zitasimama. Kama jumla za ripoti mpya na ya zamani hazilingani na huoni kwa nini, mwite mhasibu wa mteja, maana huenda ya zamani ndiyo iliyokuwa na kosa miezi yote hiyo, na hilo si la mwandishi wa programu kuliamua. Na kama maktaba mojawapo ina udhaifu uliotangazwa na mfumo wenu unapokea malipo, usisubiri kikao. Mtaalamu wa siku moja, au mhadhiri wa chuo cha karibu aliye tayari kuketi nawe mbele ya skrini, atakusaidia kuliko mjadala wa wiki nzima mtandaoni. Usimtumie mtu usiyemjua data za wateja, hata akiwa mkarimu namna gani.

Kesho usianze kwa kumwambia kiongozi wako kwamba amemnukuu Knuth vibaya. Mwombe siku moja ya kupima, na umwambie utamletea karatasi yenye idadi ya maswali na muda wa kila hatua. Ukishaipata, niandikie tena pamoja na matokeo ya EXPLAIN, bila majina wala namba za wateja, nikuonyeshe wapi pa kuanzia.